Siku sita Mysuru na Mama

Safari yetu ya India haikuwa ya matembezi. Tulikwenda Bengaluru kwa ajili ya jicho la kulia la Mama, lililokuwa na mtoto wa jicho na presha ya macho kwa pamoja. Operesheni ilikwenda salama, alhamdulillahi. Siku ya kumi daktari alimkagua akasema turudi baada ya wiki moja, na hapo katikati nisimfungie chumbani. Masharti: asiiname, asinyanyue kizito, asikae penye vumbi, na matone kila baada ya saa nne.

Nikachagua Mysuru (zamani Mysore), mji wa wafalme wa ukoo wa Wadiyar, kilomita kama 140 kutoka Bengaluru kwa treni. Sasa tupo nyumbani Tanga. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari la matone, kwa sababu pembeni ya kila saa niliyoandika dawa niliandika pia tulipokuwa na tulichokula. Mengine nimeyapata kwenye picha za simu. Rupia moja niliihesabu kama shilingi 30.

Ijumaa: Bengaluru hadi Mysuru

Treni ilichelewa dakika 50 na hakuna aliyeshangaa. Tulikaa behewa la viti vya kawaida, madirisha wazi, Mama upande wa ndani ili upepo usimpige jicho. Baada ya kutoka mjini yanaanza majabali makubwa ya Ramanagara, kisha Channapatna wanakochonga vitu vya watoto vya mbao na kuvipaka rangi ya lakiri, kisha miwa ya Mandya, miwa mpaka macho yanachoka.

Saa saba mchana kengele ya matone ikalia. Nikawa natafuta maji ya kunawa. Dada mmoja aliyekaa mbele yetu na wanawe wawili akafungua chupa yake akanimiminia mikononi bila kuulizwa, halafu akasimama nyuma ya Mama akamshika kichwa kwa viganja viwili, taratibu, kama anashika chungu kilichojaa. Nikatia tone moja, nikasubiri dakika tano, nikatia la pili. Muda wote huo hakukiachia. Alipomaliza akaniuliza jambo kwa Kikannada, lugha ya huko, na mwanawe aliyekuwa anajua Kiingereza akatafsiri: anauliza kama mmekula. Tukapewa wali wa limau kwenye kipande cha jani la mgomba.

Kuhusu malazi nilikosea hesabu. Gesti niliyokuwa nimeiona mtandaoni ilitukataa mlangoni, Mama amesimama juani. Sababu ni kwamba mgeni wa nje lazima aandikishwe serikalini kwa Fomu C, na gesti nyingi ndogo hazina utaratibu huo. Mzee wa bajaji aliyetuleta hakuondoka. Alituzungusha sehemu tatu, kila mara akiingia yeye kwanza kuuliza, Mama abaki kivulini. Ya tatu ikakubali, rupia 1,400 kwa usiku, vitanda viwili na maji ya moto asubuhi. Nilipomwongezea pesa alirudisha noti mkononi mwangu, akamwonyesha Mama kwa kidole, akasema "Amma." Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Kwa watakaofuata: piga simu kabla, uliza swali moja tu, "mnapokea wageni wa nje kwa Fomu C?" Tembea na pasipoti halisi, nakala za viza na picha ndogo mbili tatu. Chukua pia pesa taslimu za kutosha, noti ndogondogo. Wenyeji hulipa kila kitu kwa simu, hata dafu la barabarani, na mfumo wao mgeni haupati kirahisi.

Jumamosi: Soko la Devaraja

Asubuhi dosa, chapati yao nyembamba. Ile ya Mysuru hupakwa ndani chatini nyekundu ya pilipili na kitunguu saumu kabla ya kuwekwa viazi, halafu inakunjwa. Pembeni chatini ya nazi ambayo Mama aliionja akasema imekunwa leo. Dosa mbili na kahawa mbili, rupia 190. Kahawa yao inaletwa na maziwa kwenye bilauri ya chuma iliyosimama ndani ya kibakuli cha chuma, na unamimina kutoka kimoja kwenda kingine mpaka ipoe na kutoa povu.

Niliogopa soko kwa sababu ya ile poda ya rangi. Wauzaji hupanga marundo yaliyochongoka, mekundu, manjano, zambarau, na upepo kidogo tu unatosha. Tukapita upande wa maua, Mama na miwani yake myeusi na mtandio umefunga pua.

Hapo ndipo alipokataa kuondoka. Asumini! Vikapu kwa vikapu, za Mysuru wanaziita mallige, zimetungwa kwenye uzi wa mgomba, vichipukizi viwiliviwili vikipishana. Muuzaji hatumii mizani. Anapima kwa dhiraa: anashika ncha ya uzi kwenye kidole cha kati, anauvuta hadi kwenye kiwiko, hiyo moja. Mama akamnyooshea mkono wake mwenyewe, kiwiko hadi kidole, kumwonyesha kwamba na kwetu kipimo ndicho hicho. Yule mama akacheka, akapima upya kwa mkono wa Mama ambao ni mrefu kuliko wake, akatoza bei ileile, rupia 30. Kisha akamtia asumini kwenye nywele, chini ya mtandio, kwa pini aliyoitoa kichwani kwake.

Mbele kidogo wanauza tambuu. Majani ya Mysuru yana sifa India nzima kwa ulaini, na mama yangu ni mla tambuu wa miaka 40. Alikagua jani dhidi ya mwanga, akalikunja, akalivunja, akanusa. Muuzaji akamsogezea popoo na chokaa bila neno. Nimewapiga picha wote wawili wanatafuna, wanatazama barabarani.

Jioni Mysore pak: unga wa dengu, sukari na samli, samli nyingi. Ilianzia jikoni kwa mfalme, kwa mpishi Kakasura Madappa, katika karne ya 20 mwanzoni. Ya kweli inavunjika mdomoni na kuacha mafuta kwenye vidole. Nunua robo kilo kwanza.

Tahadhari kwa wageni: kuna madereva na vijana karibu na soko watakaokuambia leo kuna soko maalumu la mafuta ya msandali au uvumba, wakupeleke. Tulipelekwa. Chupa ndogo waliyotaka rupia 3,000 ilikuwa na harufu ya manukato ya dukani tu. Mama, aliyesaga liwa (msandali) tangu usichana wake, aliinusa mara moja akaifunika. Mafuta ya msandali yanunue duka la serikali, chupa yenye lakiri, na sabuni zake pia ni nzuri na rahisi. Kipande cha mti wenyewe usifunge kwenye begi, kukitoa nchini kumepigwa marufuku.

Jumapili: Kilimani, kisha kasri

Saa kumi na moja alfajiri nilimwacha Mama amelala, binti wa mapokezi akaahidi kukaa naye, nikaenda kilima cha Chamundi. Ngazi zinazidi 1,000. Nilidhani nitakuwa peke yangu na nikakuta watu wengi, na mbele yangu wanawake wawili wakipanda kwa nadhiri. Mmoja alichovya kidole kwenye manjano, mwingine kwenye poda nyekundu, na kila ngazi, kila moja, waliinama wakaiweka alama. Niliwapita, lakini ngazi zote zilizobaki juu yao zilikuwa na alama za jana na juzi, zimefifia.

Njiani yupo Nandi, fahali wa jiwe moja, mrefu karibu mita tano, kazi ya zama za Dodda Devaraja katika karne ya 17. Mafuta ya ibada yamemfanya mweusi na anang'aa, na shingoni ana mikufu na kengele zilizochongwa hata kamba zake zinaonekana. Juu kabisa kuna hekalu la Chamundeshwari na sanamu ya rangi kali ya Mahishasura, upanga mkono mmoja na nyoka mkono wa pili. Ndiye jini wa visa vyao aliyeuawa na mungu wa kike Chamundi, na jina la mji limetokana naye. Kwa mwenye magoti mabovu basi la mji hupanda hadi juu kwa nauli ndogo. Nilirudi saa tatu, nikamkuta Mama na binti wa mapokezi wanachambua mchele.

Mchana kasri. Jengo la zamani la mbao liliungua mwaka 1897 wakati wa harusi ya binti wa mfalme. Hili la sasa lilichorwa na Mwingereza Henry Irwin likakamilika mwaka 1912. Viatu huachwa nje. Nilikuwa nimeshika foleni ya tiketi wakati Mama alifika kaunta ya viatu peke yake, ndala zake za mikanda zimefungwa, na kuinama haruhusiwi. Niligeuka nikamwona kijana aliyevaa vizuri, pengine yupo na mchumba wake, amepiga goti mchangani anamfungulia Mama mkanda. Alivipeleka kaunta, akamletea kibati cha namba, akagusa miguu ya Mama kwa vidole kisha akagusa kifua chake, akaenda zake. Ndivyo wanavyowaamkia wazee. Mama alikitunza kile kibati ngumini muda wote tulipokuwa ndani.

Ukumbi wa harusi una pembe nane na paa la kioo cha rangi lenye tausi, na nguzo zake za chuma zilitoka Glasgow kwa meli. Kuta zimezungushiwa michoro ya maandamano ya Dasara, sikukuu yao kubwa ya kila mwaka: farasi, wapiga tarumbeta, wazee wa baraza, na nyuso ni za watu halisi wa siku zile. Kwenye Dasara tembo hubeba kiti cha dhahabu chenye sanamu ya mungu Chamundeshwari kupita mjini. Nilimweleza Mama, naye akauliza tembo mwenyewe wanamlisha nini. Mlinzi aliyesikia nikitafsiri alijibu kwa makini sana: majani, miwa, nazi, mchele na sukari guru.

Tukala karanga nje tukasubiri. Jumapili na sikukuu, saa moja usiku, huwashwa taa za kasri, balbu zinazokaribia 100,000. Giza lilishaingia, bendi inapiga, na kwa mpigo mmoja jengo lote likachorwa kwa mwanga: kila tao, kila kuba, kila ukingo. Watu wakasema "aaah" kwa sauti moja. Mama akavua miwani. Nilitaka kumzuia, kisha nikakumbuka daktari alikataza vumbi, hakukataza taa. Alisimama hivyo dakika nyingi. Akaniambia, "Naona vijiduara vya kila taa. Zamani ningeona ukungu wa manjano."

Ushauri: chagua siku zako ili Jumapili ikukute Mysuru. Ingia kasri saa tisa, utoke kabla halijafungwa saa kumi na moja na nusu, kisha ukae karibu na geti la kutokea. Umati ukianza kutoka na una mzee, subiri robo saa.

Jumatatu: Srirangapatna

Basi kutoka stendi ya mji, chini ya saa moja. Wanawake hukaa mbele. Tangu 2023 wakazi wa kike wa jimbo hili la Karnataka hupanda mabasi ya kawaida ya serikali bure, kwa hiyo konda alitupita mara mbili akidhani sisi ni wa bure mpaka nilipomshika mkono nilipe.

Srirangapatna ni kisiwa ndani ya mto Kaveri, na ndipo palipokuwa makao ya Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan. Kwa zaidi ya miaka 30 hawa ndio walioshika nchi, ukoo wa Wadiyar ukabaki na jina. Tulikodi bajaji pale pale rupia 450 ituzungushe.

Gumbaz kwanza, kaburi walilozikwa Haidar, mkewe na Tipu. Kuba jeupe, nguzo nyeusi za mawe zimelizunguka, milango ya mpingo iliyotiwa pembe za ndovu. Mama alipitisha kidole kwenye nakshi akasimama kimya. Nadhani alikuwa Pangani, kwenye milango ya zamani. Ndani kuta zimechorwa milia ya chui milia, alama ya Tipu. Tulisoma Fatiha. Mzee mmoja alimpisha Mama mahali penye mkeka, na tulipotoka adhuhuri ikawa imeingia, tukasali msikiti wa jirani.

Daria Daulat ni kasri la kiangazi la mwaka 1784, la mbao za msaji, katikati ya bustani. Nje hulizungushia mapazia kulinda michoro na jua. Ukutani kuna vita vya Pollilur vya 1780, Haidar na Tipu juu ya tembo, jeshi la Waingereza limezingirwa na kamanda wao Baillie ndani ya machela. Roketi za Mysore, zenye bomba la chuma, ziliwasumbua Waingereza kiasi kwamba waliziiga baadaye. Kingine nilichomweleza Mama ni kwamba Tipu alikuwa na nyumba ya biashara Maskati, akipeleka msandali, pilipili manga na mchele. "Basi liwa za bibi zangu," akasema, "pengine zilipitia kwake." Siwezi kulithibitisha, lakini Maskati na pwani yetu ilikuwa njia moja ya majahazi.

Mwisho tulisimama mahali ulipookotwa mwili wa Tipu. Waingereza walivunja ukuta tarehe 4 Mei 1799 na aliuawa akipigana. Ni jiwe dogo lenye maandishi, kando ya njia, mbuzi wanapita. Mwaka huohuo mtoto wa ukoo wa Wadiyar, mwenye umri wa karibu miaka mitano, aliwekwa kwenye kiti cha ufalme.

Jua la hapa halina kivuli kati ya eneo moja na jingine. Madafu yapo kila kona, rupia 40 au 50.

Jumanne: Somanathapura

Kumbuka bustani ya wanyama ya Mysuru hufungwa Jumanne. Sisi tulilijua hilo getini.

Tukakodi gari hadi Somanathapura, kilomita kama 35, rupia 2,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Barabara inapita mashamba ya mpunga. Mahali fulani wakulima walikuwa wametandaza mavuno barabarani ili magari yayapure, na dereva wetu akafunga vioo vyote kwa ajili ya jicho la Mama kabla sijamwambia. Alikuwa ameniuliza asubuhi kwa nini anavaa miwani ndani ya gari.

Hekalu la Keshava ni la karne ya 13, zama za wafalme wa Hoysala, na tangu 2023 limo kwenye urithi wa dunia. Ibada haifanyiki tena. Jiwe lake ni laini linapochimbwa na hugumu likikaa hewani, ndiyo maana mafundi waliweza kuchonga hata pete vidoleni. Baadhi yao waliacha majina. Mmoja, Mallitamma, amejiandika chini ya sanamu nyingi. Nilifurahi kumkuta. Makasri mengi tunajua aliyelipa tu.

Jukwaa lake ni kama nyota, pembe zinaingia na kutoka, na ukutani mistari ya nakshi imepandana: chini tembo, juu yao wapanda farasi, juu zaidi maua na visa vya kale. Mstari wa tembo uko chini, karibu na magoti. Nikaogopa Mama atainama. Badala yake aliomba kiti. Mlinzi akaleta kiti chake cha plastiki, akakiweka ukutani, Mama akaketi, tembo wakawa mbele yake kabisa.

Akavua miwani. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, lile zima, akabaki na la operesheni. Akaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa jiwe. Moja, mbili. Huyu kashika tawi. Huyu mkonga kaukunja. Huyu anamkanyaga mtu. Alipofika kwenye pembe ya ukuta mlinzi alimnyanyua kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, wakasogea, akaendelea. Wanafunzi wa shule waliokuja na mwalimu wao wakasimama nyuma yake na wakaanza kuhesabu naye, wao Kikannada, yeye Kiswahili. Alifika 61 machozi yakamtoka, nikaogopa ni maumivu. Akatikisa kichwa. "Wana kucha," akasema. "Nimeziona kucha zao."

Nikatia matone pale pale, saa tisa kasoro.

Panga saa mbili nzima, na uende asubuhi au alasiri mwanga ukiwa wa pembeni, nakshi zinaonekana zaidi. Chakula kizuri hakuna karibu, beba.

Jumatano: Kurudi

Mzee wa bajaji wa siku ya kwanza alikuja kutupeleka stesheni, binti wa mapokezi alikuwa amempigia. Safari hii alipokea nyongeza, baada ya Mama kumpa yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

Hesabu ya watu wawili kwa siku sita, ukiacha sabuni na kitambaa kimoja cha hariri cha mdogo wangu: malazi rupia 7,000, usafiri wote kama 4,300, chakula 3,900, viingilio karibu 3,000 kwa sababu wageni hutozwa zaidi ya wenyeji. Jumla rupia 18,200, sawa na shilingi 546,000.

Mama alikaa dirishani, miwani machoni, asumini za jana zimenyauka nyweleni lakini harufu bado ipo. Treni ilipopunguza mwendo alikuwa anasoma kibao cha stesheni herufi kwa herufi, "M, A, D, D," na hapo muuzaji akaingia na kapu akipaza sauti, "Vada, vada, Maddur vada!" Ni bajia bapa, zina vitunguu na semolina, moto kabisa. Tulinunua nne, tukaongeza nne.